Swichi ya mfuniko wa mashine ya kufulia ikiharibika: kusafisha, kubadilisha au kuunga waya moja kwa moja

Mashine ya kufulia inayofunguliwa juu ikijaza maji, ikafua na kusuuza, kisha ikagoma kukamua, mara nyingi kosa huwa katika kitu kisichozidi ukubwa wa kiberiti, yaani swichi inayoiambia mashine kama mfuniko umefungwa. Mwenye mashine huwa na njia nne mbele yake: kuisafisha swichi ile ile, kununua mpya iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine hiyo, kutafuta iliyotumika au inayofanana nayo, au kukubali ushauri ambao fundi mwenye haraka huwa nao mdomoni, wa kuunga nyaya mbili moja kwa moja ili mashine ione mfuniko umefungwa wakati wote. Makala haya yanazilinganisha njia hizo nne, lakini jibu haliwezi kuwa moja kwa kila nyumba, kwa sababu swichi zenyewe zina maumbile tofauti na kila aina ina maradhi yake. Ninayo rai moja ninayoishikilia kuhusu njia ya nne, nayo nitaieleza kwa urefu mahali pake.

Hakikisha kwanza kwamba ni swichi

Fedha nyingi hupotea kwa kubadilisha swichi isiyo na kosa lolote. Mashine ya otomatiki haikamui mpaka maji yatoke, kwa hiyo ukifunua mfuniko ukakuta nguo zinaelea, anza na mpira wa kutolea maji na pampu. Ikiwa maji yametoka yote, mashine ikaanza kuzunguka, ikatikisika kwa kishindo, ikasimama na kujaza maji upya, kinachosumbua ni nguo zilizolundikana upande mmoja au mashine isiyokaa sawa sakafuni. Swichi hushukiwa pale ambapo maji yameisha, mashine haijajaribu hata kuzunguka, na kinachosikika ni mlio wa kengele, au kioo kinaonyesha alama inayohusu mfuniko: dE kwenye mashine nyingi za LG, dC kwenye Samsung, U12 kwenye Panasonic, na F5E1 au F5E2 kwenye Whirlpool za miaka ya karibuni, ambapo ya kwanza huelekeza kwenye swichi na ya pili kwenye kufuli lisilojifunga.

Lipo jaribio la sekunde tano lisilohitaji kifaa chochote. Mashine ikiwa imegoma, bonyeza mfuniko kwa kiganja upande ule wenye swichi. Ikiwa mashine itaamka, basi swichi bado ina uhai, na tatizo huenda ni bawaba zilizolegea au mfuniko uliopinda kwa kuwekewa makarai na ndoo juu yake. Hapo hakuna spea ya kununua. Kuna skrubu za kukaza.

Kwa mashine ya matangi mawili, yaani yenye tangi la kufulia na jingine la kukamulia, sikio ndilo kipimo cha kwanza. Funga mfuniko wa tangi la kukamulia, kisha geuza saa yake, yaani kitasa cha kupangia muda. Ukisikia mota ikinguruma kwa sauti nzito bila kuzunguka, umeme unaifikia, kwa hiyo swichi inafanya kazi na wa kuchunguzwa ni kapasita (kifaa kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka) au breki iliyoshika. Zima mara moja, kwa sababu mota inayonguruma bila kuzunguka hupata joto haraka na kuungua. Kukiwa kimya kabisa, umeme umekatika njiani, na swichi ya mfuniko ndiyo ya kwanza kushukiwa, ikifuatiwa na saa yenyewe.

Mwenye multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, atapata uhakika zaidi. Chomoa plagi ukutani, ondoa waya za swichi, weka multimita kwenye ohmu, yaani kipimo cha ukinzani, kisha fungua na kufunga mfuniko. Swichi nzima husoma karibu sifuri upande mmoja na kutosoma kitu upande wa pili. Ile inayobaki vilevile mfuniko ukiwa juu au chini imekufa, na ile ambayo usomaji wake unarukaruka kati ya ohmu mbili na ishirini kila unapoigusa iko njiani kufa, hata kama jana ilifanya kazi.

Swichi za ndimi: sura moja, maradhi mawili

Swichi ya mashine ya matangi mawili na ile ya otomatiki nyingi za kawaida zinazouzwa Afrika Mashariki hufanana. Zote mbili ni ndimi mbili nyembamba za shaba zenye pointi mbili zinazotazamana, na mfuniko ukishuka husukuma kijiti cha plastiki kinachozikutanisha pointi hizo. Watu huzitibu kwa namna moja, na hapo ndipo wanapokosea.

Katika mashine ya matangi mawili, umeme wote wa mota ya kukamulia hupita ndani ya ndimi hizo, zile volti 230 au 240 za ukutani. Kila mfuniko unapofunuliwa mota ikiwa inazunguka, cheche huruka kati ya pointi mbili, na kila cheche huacha kovu. Niliwahi kuifungua moja iliyokuwa imetumika miaka kadhaa katika nyumba iliyo karibu na bahari, Tanga. Ulimi wa juu ulikuwa bado unang'aa kwenye kingo zake, lakini pale palipokuwa na pointi palibaki doa jeusi lenye ukubwa wa punje ya ulezi, lililochimbika katikati, na plastiki iliyoushika ulimi huo ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia na kulainika kiasi kwamba ulimi ulicheza ukiguswa na ncha ya bisibisi. Swichi ya namna hiyo haina dawa. Ukiisugua kwa msasa itashika wiki moja au mbili, kisha kovu litarudi haraka kuliko mwanzo kwa sababu tabaka gumu la pointi limeshaondoka. Hesabu yake ni rahisi: pointi zenye ukinzani wa ohmu tano, zikipitisha ampea moja, huzalisha wati tano za joto mahali padogo kuliko punje ya mchele, na joto hilo ndilo linaloilainisha plastiki.

Kwa hiyo, kwa mashine ya matangi mawili, kusafisha kunafaa katika hali moja tu, nayo ni pale ambapo doa ni la juujuu, pointi hazijachimbika na plastiki bado ni ngumu na ina rangi yake. Zaidi ya hapo, nunua mpya. Ni spea rahisi katika mashine nzima, na mara nyingi bei yake ni ndogo kuliko nauli na ujira wa fundi kuja mara ya pili.

Katika mashine ya otomatiki yenye bodi ya umeme hali ni kinyume. Hapo ndimi hazibebi umeme wa mota. Hubeba ishara ndogo tu ya volti chache kwenda kwenye bodi, ambayo ndiyo inayoamua kuiwasha mota. Hakuna cheche, kwa hiyo hakuna kovu. Kinachoziua ni unyevu, mvuke wa sabuni na hewa ya chumvi, ambavyo huotesha utando mwembamba juu ya pointi. Umeme mkubwa ungeupasua utando huo bila shida, lakini ishara ndogo haina nguvu hiyo, kwa hiyo bodi huona mfuniko uko wazi ilhali macho yako yanaona umefungwa. Hii ndiyo sababu mashine hizi za Mombasa, Unguja au Dar es Salaam husumbua zaidi kwenye swichi kuliko zilizoko Arusha au Nakuru, ingawa ni za aina moja.

Kwa aina hii kusafisha ni njia ya kweli, si ya kuahirisha, ila msasa hauruhusiwi. Pointi zake zina tabaka jembamba la fedha au madini kama hayo, na msasa hulikwangua. Kata ukanda wa karatasi nyeupe ya kawaida, uloweshe spiriti kidogo, upitishe katikati ya pointi zikiwa zimebanwa kwa kidole, uvute taratibu mara kadhaa mpaka karatasi itoke bila weusi. Karatasi kavu humaliza kazi. Nimeona swichi iliyohukumiwa kutupwa ikarudi kazini kwa karatasi ya daftari.

Swichi hii ina kazi ya pili ambayo wengi hawaijui. Katika mashine nyingi za muundo wa Asia, kijiti hicho hicho kina mkono unaoshuka karibu na pipa, na pipa likiyumba kupita kiasi hugonga mkono huo na kukata ukamuaji. Ndiyo maana swichi inayofanana kwa sura lakini yenye mkono mfupi au uliopindia upande mwingine haitafaa: mashine ama itakatikakatika bila sababu, ama itaacha pipa lipige kuta za bati mpaka fimbo zinazolishikilia zikatike.

Swichi ya sumaku na mfuniko wenye kufuli

Mashine nyingine hazina kijiti wala shimo lolote chini ya mfuniko. Ndani ya mfuniko kumefichwa sumaku, na ndani ya fremu kuna kichupa cha kioo chenye ndimi mbili nyembamba kama sindano, ambazo hukutana sumaku inaposogea. Kwa kuwa ndimi hizo zimefungiwa ndani ya kioo, unyevu hauzifikii, na aina hii hudumu sana. Hasara yake ni kwamba ikiharibika hakuna cha kusafisha. Ni kubadilisha tu. Lakini kabla ya kununua, chukua sumaku yoyote, hata ile ya spika mbovu, uipitishe juu ya mahali ilipo swichi huku multimita ikiwa imeunganishwa. Ikiwa usomaji unabadilika, swichi ni nzima na aliyeondoka mahali pake ni sumaku ya mfunikoni, ambayo huanguka gundi inapochakaa au mfuniko unapobamizwa. Gundi ya tone moja inatosha kumaliza tatizo ambalo duka lingekuuzia swichi isiyohitajika.

Mfuniko wenye kufuli ndio mgumu kuliko zote. Mashine hizi hujifunga kwa mlio wa "ta!" kabla ya kukamua, na hazifunguki mpaka pipa lisimame. Ndani ya kisanduku kimoja cha plastiki kuna swichi, kuna kifaa cha kusukuma ulimi wa kufuli, na mara nyingi kuna swichi ya pili inayoihakikishia bodi kwamba ulimi umeingia kweli. Hapa kusafisha kunafaa kwa jambo moja tu: shimo ambamo jino la mfuniko huingia huziba kwa sabuni ya unga iliyoganda, na kulisafisha kwa kitambaa cha maji ya moto na kijiti cha meno kunaweza kulirudisha kufuli kazini. Angalia pia jino lenyewe, kwa sababu likivunjika ncha, kisanduku kipya hakitasaidia chochote. Vyote hivyo vikiwa sawa na kufuli halilii kabisa, kuna uwezekano wa kisanduku kufa na uwezekano wa bodi kutokituma umeme, na kuutofautisha mmoja na mwingine kunahitaji kupima mashine ikiwa imewashwa. Kazi hiyo si ya mtu wa nyumbani. Kwa aina hii peke yake nasema bila kusita: mwite fundi anayejua bodi, na ununue kisanduku kipya chenye namba ya spea ya mashine yako.

Kuunga waya moja kwa moja

Sasa niseme juu ya njia ambayo mafundi huiita kubaipasi. Sifa zake zinajulikana, nazo si za kudharau kwa mtu aliye na lundo la nguo mbichi na mfuko mwepesi: haina gharama ya spea, humalizika kwa dakika kumi, na mashine hukamua siku hiyo hiyo. Ukiiweka kando ya njia nyingine tatu kwa bei na muda peke yake, itashinda. Ndiyo maana imeenea, na ndiyo maana inapaswa kupimwa kwa kitu kingine.

Pipa la mashine ya otomatiki hukamua kwa takriban mizunguko 700 kwa dakika, na nyingi huzidi hapo. Pipa lenye upana wa nusu mita, kwa kasi hiyo, ukingo wake hukimbia zaidi ya kilomita 60 kwa saa. Tangi la kukamulia la mashine ya matangi mawili ni dogo, lakini huzunguka karibu mara mbili ya hapo, mizunguko 1300 hivi kwa dakika, kwa hiyo ukingo wake una mwendo unaokaribiana na ule wa pipa kubwa. Nguo yenye maji ikimzunguka mtu kiganjani kwa mwendo huo, mkono hauna muda wa kujivuta. Madhara yanayojulikana ni vidole kukatika, mifupa kuvunjika na ngozi kuvuliwa kama glovu. Kwa sababu hiyo viwango vya kimataifa vya usalama, IEC 60335-2-7 kwa mashine za kufulia na IEC 60335-2-4 kwa vikamulio, vinashughulikia mifuniko na mapipa yanayozunguka, na hakuna kiwanda makini kinachouza mashine ya namna hii bila kinga hiyo.

Nyumbani kwetu jambo hili halikuwa habari ya kusoma. Fundi alikuja kutengeneza mashine ya matangi mawili ya mama yangu, akamaliza haraka, akaondoka akisema, "Mama, ile swichi ya mfuniko haina kazi kubwa, nimeitoa njiani." Mashine ilifanya kazi wiki tatu. Siku moja mama alifunua mfuniko akidhani tangi limesimama kama lilivyozoea, akainama kutoa mashuka, na pindo la leso aliyojitanda likaingia. Leso iliondoka mabegani mwake kwa mkupuo mmoja na kuchanika katikati. Ilikuwa leso iliyotanda tu, haikufungwa shingoni. Nilipofungua mashine jioni ile nilikuta nyaya mbili zimesokotwa na kuzungushiwa utepe wa gundi wa karatasi, ule wa kufungia mabahasha, tayari umelowa na kuanza kuchubuka, juu kidogo ya tangi la maji, zikibeba umeme wa ukutani. Nimeandika sentensi hizi kwa sababu ya leso hiyo.

Kuna hasara nyingine zinazofuata. Katika otomatiki yenye mkono wa kuhisi kuyumba, kubaipasi huondoa pia kinga ya pipa kugonga bati, kwa hiyo ulichookoa kwenye swichi utakilipa kwenye fimbo na bearingi. Katika mashine yenye kufuli, njia hii mara nyingi haifanyi kazi kabisa, kwa kuwa bodi husubiri kuona ulimi ukitoka na kuingia, na baadhi hutaka kuona mfuniko umefunguliwa tangu ufuaji uliopita kabla ya kukubali mwingine. Na mwenye biashara ya dobi akumbuke kwamba anayeingiza mkono katika mashine hiyo ni mfanyakazi wake, ambaye huenda hata hajaambiwa kwamba swichi imetolewa.

Wapo wanaosema, "Nitabaipasi kwa muda tu, mpaka spea ifike." Naelewa haja hiyo, lakini ninachopendekeza ni kufua kwa mashine na kukamua kwa mikono kwa siku hizo. Mashine ya matangi mawili hufua vizuri bila tangi lake la pili, na otomatiki nyingi hukubali kufua, kusuuza na kutoa maji bila kukamua ukichagua hivyo. Mashuka yatachelewa kukauka, hilo linavumilika.

Ukinunua mashine iliyotumika, usidhani mwenye nayo wa kwanza hakufanya hivyo. Iwashe kwenye ukamuaji ikiwa tupu, simama kando, inua mfuniko usio na kufuli kwa sentimita chache. Mota isipokata, kuna mtu aliyepita hapo kabla yako.

Mpya ya asili, inayofanana, au iliyotumika

Ukiamua kubadilisha, ulinganisho unahamia dukani. Swichi mpya yenye namba ya spea ya mashine yako ndiyo yenye uhakika, na namba ya mashine utaipata kwenye kibandiko kilicho nyuma au chini ya mfuniko. Ipige picha kabla ya kutoka nyumbani. Kwa kufuli na kwa swichi yenye mkono wa kuhisi kuyumba, sioni sababu ya kununua kitu kingine.

Swichi inayofanana, isiyo na jina, inafaa kwa mashine za matangi mawili, kwa sababu nyingi zimejengwa kwa mtindo mmoja. Nenda Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, ukiwa na ile mbovu mkononi, usiende na maelezo ya mdomo, kisha uzilaze swichi mbili pamoja juu ya kaunta. Matundu ya skrubu yaangukie mahali pamoja, kijiti kitokee upande uleule, na vichwa vya waya vilingane. Kisha uombe kuipima: ile mbovu, kwa ujenzi wake, ilikuwa inaunganisha inapobonyezwa au inakata? Zipo za namna zote mbili, na kwa macho hazitofautiani. Ukiweka iliyo kinyume, mashine ya otomatiki itakataa kufanya kazi mfuniko ukifungwa, na ya matangi mawili itazunguka mfuniko ukiwa wazi, jambo ambalo ni hatari kuliko kutokuwa na swichi kabisa kwa sababu mwenye mashine ataamini kinga ipo.

Soma pia maandishi madogo ubavuni mwa swichi. Iliyoandikwa 125V isiingie kwenye mashine ya matangi mawili inayotumia umeme wetu. Swichi kama hizo hupatikana katika mashine zilizotumika kutoka Japani, ambako umeme wa nyumbani ni volti 100, na katika zile zilizosafirishwa na ndugu zetu kutoka Marekani, ambako ni volti 120. Aliyeko Marekani kwenyewe, mwenye Whirlpool ya zamani isiyo na bodi, ana kazi yenye unafuu wake: swichi huja na waya wake na plagi ya nyaya tatu inayochomekwa chini ya paneli ya vitufe, na ule wa kijani ni wa ethi (waya wa usalama wa kupeleka umeme ardhini), ambao lazima urudishwe kwenye skrubu ya bati. Kinachomchosha ni kufika huko, kwa kuwa paneli huinuliwa, klipu mbili hutolewa na bati zima la mashine huegemezwa mbele.

Iliyotumika ninaikubali kwa masharti. Swichi ya sumaku iliyotolewa kwenye mashine iliyokufa kwa sababu ya mota inaweza kuwa na miaka mingi mbele yake, na ya ndimi ya otomatiki vilevile ikisafishwa kwa karatasi na spiriti. Ya matangi mawili iliyotumika siipendekezi hata ikitolewa bure. Kovu la cheche huhama nayo.

Fundi au mwenyewe

Kwa swichi ya ndimi na ya sumaku, mtu anayeweza kubadilisha plagi bila msaada anaweza kazi hii kwa bisibisi ya nyota, koleo ndogo na saa moja ya utulivu. Chomoa plagi ukutani, usitosheke na kuzima soketi. Katika mashine ya matangi mawili, subiri dakika chache na usiguse vichwa vya kapasita, maana huweza kuhifadhi umeme baada ya plagi kutoka. Ondoa skrubu za paneli ya juu, ambazo mara nyingi zimefichwa chini ya vifuniko vidogo vya plastiki, na uinue paneli polepole kwa kuwa waya zake ni fupi. Piga picha kabla ya kuondoa waya wa kwanza. Kingo za bati hukata kama wembe, basi vaa glovu au zungushia kitambaa. Katika matangi mawili angalia pia waya wa breki unaounganishwa na mfuniko huohuo: mfuniko ukiinuka, waya huo huiachia breki ikalishika tangi. Swichi mpya pamoja na breki iliyolegea ni kazi nusu.

Fundi ana faida mbele ya kufuli, mbele ya bodi, na popote penye dalili kwamba waya zimekwisha kuungwaungwa na mtu mwingine. Ukimwita, mwambie tangu mlangoni kwamba unataka swichi ibadilishwe, na umwombe akuachie ile ya zamani. Fundi mwaminifu hatachukia. Mashine mpya haifai kuingia katika mazungumzo haya isipokuwa kufuli na bodi vimekufa pamoja kwenye mashine iliyokwisha kuchakaa pipa.

Baada ya paneli kurudi, iwashe mashine kwenye ukamuaji ikiwa tupu. Kwa mashine isiyo na kufuli, inua mfuniko na uhesabu. Mota ikate papo hapo. Tangi la kukamulia la mashine ya matangi mawili lisimame ndani ya sekunde 15, muda ambao vitabu vingi vya maelekezo vya mashine hizo huutaja; likizidi hapo, breki irekebishwe kabla nguo ya kwanza haijaingia. Kwa yenye kufuli, jaribu kuuinua mfuniko pipa likizunguka, nao usikubali kuinuka. Rudia jaribio hilo mara tatu, na mara ya tatu fungua na kufunga mfuniko kwa nguvu ile ambayo watoto huitumia.